Mwaka Ambao Sikufa

Limi aliniletea vitabu vitatu siku chache baada ya kumzika Maduhu, mume wangu, akavipanga kando ya mto wangu kama mtu anayempelekea mgonjwa machungwa. Limi ni mtoto wa mdogo wangu Minza. Anafundisha Kiswahili sekondari hapa Bariadi, na anaamini kwamba kila huzuni imeshaandikiwa kitabu, kazi ni kukitafuta tu. Vyote vitatu vilikuwa vya aina moja: watu wawili wanapendana, mmoja ni mgonjwa wa ugonjwa usio na mchezo, wanacheka, wanalia, wanapelekana hospitali. Nilivisoma kwa zamu huku waombolezaji wakiingia na kutoka, na nilivisoma kwa hasira. Karibu na mwisho mgonjwa anakufa. Anakufa kwenye shuka safi, ameshasema maneno mazuri, na anayebaki anabaki na mapenzi yasiyo na doa. Sijawahi kukutana na kitabu cha mgonjwa aliyegoma kufa, akakaa miaka na miaka, akanenepa, halafu akamzika mtu aliyekuwa amejiandaa kumzika yeye. "Vitabu vyako vina kosa," nilimwambia Limi alipokuja kuvichukua. "Kosa gani, mama mkubwa?" "Mgonjwa anakufa." Akatabasamu kwa adabu ya msibani. "Sasa ulitaka afanyeje?" Sikumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa nje uani, limekunja kitenge magotini, linasugua masufuria ya msiba. Jibu lilikuwa mama yake.

Nilizaliwa na siko seli. Siku hizi hata watoto wa shule wanalijua jina hilo, lakini kwetu Kasoli ulikuwa ugonjwa wa mifupa tu, na mganga alikuwa na lake la kusema na jirani ana lake. Daktari wa hospitali alimweleza baba kwamba damu yangu ina chembe zilizopinda kama mundu, zinakwama njiani, na ndiyo maana mwili unauma. Akamwambia pia kwamba watu wa damu hiyo wengi hawafiki uzeeni. Baba alikuwa mtu mkweli kiasi cha kujidhuru, akamwambia kila aliyeuliza. Basi nikakua kama kitu cha kuazima, kinachotunzwa kwa sababu mwenyewe atakuja kukichukua. Sikubeba ndoo. Sikuvuna pamba jua likiwa kali. Kuku akichinjwa, firigisi ya baba nilikula mimi, na hakuna aliyenung'unika, maana mgonjwa haulizwi uji. Nasema haya ili ieleweke kwamba nilipofika miaka ishirini nilikuwa nimeshazoea kupewa.

Maduhu alikuwa karani wa mizani wa mnunuzi mmoja wa pamba. Wenzangu walipokuwa wanaburuta magunia, mimi nilikaa kivulini na kibuyu cha maji, na yeye, badala ya kuniuliza kwa nini sifanyi kazi kama watu wote, aliniletea kigoda. Hivyo ndivyo alivyonipata. Msimu ulipokwisha akatuma watu, na baada ya maneno mengi ng'ombe wakaswagwa kutoka kwao Nkololo hadi kwetu. Siku hiyo bibi harusi hatokei. Nilikaa chumbani karibu na dirisha, nasikia kila kitu. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mkaguzi wetu. Aliwafungua ng'ombe midomo, akawapapasa viwele, akawatembeza mmoja mmoja, na watani wa upande ule wakamwuliza kama anaoa yeye. Akamkataa mmoja, jike jekundu, kwa sababu alikuwa anachechemea. Ndipo nikasikia sauti ya mzee wao, baba mkubwa wa Maduhu, imetulia kabisa.

"Ndugu zetu, huyu anachechemea, mmemkataa, hatuna neno. Sasa na sisi tuulize. Binti yenu anachechemea au hachechemei?"

Utani ukaisha. Baba akajibu, "Anaumwa. Sijaficha."

"Hujaficha. Wabeja, tunashukuru kwa hilo. Basi tusaidiane. Zamani, kwa wazee wetu, binti akifa kabla hajaacha mtoto, ng'ombe hawakurudishwa. Mdogo wake aliingia kwenye ile nyumba. Tuweke neno hilo, halafu tule."

Kaka yangu alikuwa anasubiri ng'ombe haohao ili na yeye aoe, na kila mtu pale zizini alijua. Mwishowe baba akasema, "Lakini akishazaa, neno limekwisha." "Limekwisha," wakaitikia. Na ili kusiwe na kinyongo, yule jike anayechechemea akapokelewa pia.

Minza alikuwa na miaka kumi na saba. Wakati wanaafikiana juu yake, yeye alikuwa amesimama hapohapo na birika na beseni, anawanawisha mikono. Alipomaliza akaja chumbani, akakaa kitandani kwangu. "Umesikia?" nikamwuliza. "Nimesikia." Akanyoosha miguu yake mirefu, akaitazama. "Basi usife, dada. Mimi Maduhu simtaki, anacheka kama mbuzi." Tulicheka mpaka mama akagonga mlango. Ndivyo tulivyolipokea lile neno, kama kichekesho. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikutoka nje. Katika nyumba nzima mimi ndiye mtu pekee ambaye angesikilizwa. Ningesema, "Mdogo wangu si wa akiba, kama mnaniogopa chukueni ng'ombe wenu mwende," na wangeshika vichwa, lakini wangesikia. Nilimtaka Maduhu. Nilimtaka kuliko nilivyotaka jambo lolote, na nilikuwa na haraka, kwa sababu niliambiwa sina muda.

Tulipanga vyumba viwili hapa Bariadi, mbali kidogo na soko, karibu na hospitali kwa ajili yangu. Msimu wa kiwanda ukianza, upepo ulileta vumbi la pamba na ile harufu nzito ya mbegu, nguo zikianikwa zinarudi na nyuzi nyeupe. Chumba cha kwanza kilikuwa na kitanda chetu na pazia la maua. Cha pili kilikuwa na meza, jiko la mkaa, magunia, na mkeka wa Minza, maana Minza alikuja na mimi. Nyumbani walisema anakuja kunisaidia. Nkololo walisema anakuja kuizoea nyumba. Yeye alisema amekuja kwa sababu mjini kuna taa. Asubuhi alipika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga, jioni ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, au dagaa, na mezani alimtania shemeji yake kwa kicheko chake mpaka Maduhu akawa anacheka amefunika mdomo. Bombani wanawake walimwita bibi harusi wa akiba. Nililisikia jina hilo kwa masikio yangu siku moja nimekaa mlangoni naota jua. Minza alijaza ndoo yake, akajitwisha, akawaambia, "Akiba haiozi," akaja zake. Akapika, akala, akalala. Sikumwuliza kitu.

Na huo ndio mwaka niliopendwa. Nikikaa hapa kwenye mkeka wa msiba nakumbuka hilo kwanza, na naona aibu kwamba nalikumbuka kwanza. Niliambiwa ninywe maji mengi, na mimi maji yalinichosha. Basi Maduhu akawa anakunywa na mimi, kikombe kwa kikombe, nisiwe peke yangu, halafu anakimbilia choo cha uani akigombana na wapangaji. Miguu ikiniuma aliikanda kwa kitambaa cha maji ya moto huku ananisimulia bei za pamba, mpaka bei za pamba zikawa kwangu ni maneno ya mapenzi. Jirani yetu alikuwa nesi, Mama Asha, mwenyeji wa Tanga aliyehamishiwa huku, mwanamke asiyezungusha maneno. Alituita wote wawili, akatukalisha. "Wanangu, mimba kwa damu ya huyu ni kuchezea moto. Wako wanaovuka, siwezi kukufuru. Lakini mimi nimewaona na wasiovuka." Maduhu hakungoja hata amalize. "Basi hatutazaa," akasema. Mwanaume wa Kisukuma, na ng'ombe wameshatoka zizini kwao, anasema hatutazaa kama anayesema leo hatuli wali. Usiku ule nililia kwa furaha. Halafu nikasikia ng'ambo ya pazia Minza anajigeuza mkekani, nikakumbuka. Akishazaa, neno limekwisha. Maduhu alikuwa amesahau. Mimi sikusahau, ila nilinyamaza nikaupitisha mkono wangu chini ya shingo yake.

Karibu na mwezi wa nne akatokea Sayi. Alikuwa fundi baiskeli pale sokoni, kijana mpole mwenye kucha nyeusi za grisi, na alianza kuja kuitengeneza baiskeli ya Maduhu ambayo haikuwa imeharibika. Minza alimwambia wazi, "Hiyo umeitengeneza Jumatatu, au ulitengeneza vibaya?" Akabaki anatabasamu na spana mkononi. Alikula kwetu mara nyingi. Jioni moja alipomaliza kula akasukuma sahani, akamgeukia Maduhu. "Kaka, nataka kutuma watu kwa mzee, kule Kasoli. Ila nasikia kuna neno." Maduhu akajibu bila kusita, kama ilivyokuwa kawaida yake, "Neno liliwekwa na wazee wetu, wazee wetu watalitoa. Jumapili nakwenda Nkololo." Minza alichukua vyombo akatoka nje. Nilimsikia uani anaimba kwa sauti ndogo, wimbo wa kanisani, ameubadilisha mwendo ukawa wa ngoma.

Jumapili asubuhi goti liliniuma. Liliniuma kweli, sitaki mtu aseme halikuuma. Lakini lilikuwa lile la kawaida, ambalo siku nyingine nilitembea nalo mpaka dukani na kurudi. Maduhu alikuwa ameshavaa shati safi, baiskeli iko mlangoni, na mimi nimelala naangalia pazia, nafikiria atakachojibiwa. Wazee watasema: sawa, tunalitoa neno, rudisheni basi ng'ombe. Na ng'ombe wameshaoa, wako kwa wakwe wa kaka yangu. Au watasema: kama mdogo mtu hayupo, oa mke wa pili mwenye afya, na wewe ni mtoto wetu, huwezi kukataa kila kitu. Na chini ya hofu hizo kulikuwa na nyingine, ndogo, ya kitoto: Minza akienda, nani atanishika? Nani anajua kunigeuza bila kuniumiza? Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti. Maduhu aliingia mbio, Minza nyuma yake na beseni la maji ya moto, na nikaona kupitia mlango baiskeli ikirudishwa ukutani. Mpaka leo sijui kipimo. Maumivu hayana mizani ya kuwekwa juu yake karani akasoma. Najua tu kwamba kilio kilikuwa kikubwa kuliko goti, na kwamba mchana, baiskeli ikiwa bado ukutani, nilikula vizuri.

Jumapili iliyofuata ununuzi wa pamba ulikuwa umeanza, na Maduhu akawa anarudi usiku amechoka. "Wiki ijayo," akamwambia Sayi. Halafu ukaja mwezi wa sita na baridi yake ya alfajiri, na nikaumwa. Ule sasa sikuufanya mimi. Ulinianzia mgongoni ukashuka kwenye mapaja, kifua kikabana, na Maduhu alikuwa Kasoli kwenye mizani. Sayi ndiye aliyenipeleka hospitali. Alinipakia kwenye keria ya baiskeli yake akaisukuma kwa miguu, polepole, akikwepa mashimo, na Minza anatembea kando amenishika mgongo. Walikuwa wanaulizana kwa sauti ya chini: "Umemshika?" "Nimemshika. Pita huku." Nilikuwa katikati yao, siwezi kuinua kichwa, nasikia jinsi wanavyoelewana. Nilidhani nakufa, na nikafikiri: basi Minza ataingia nyumbani kwangu, na huyu atabaki na baiskeli yake. Nikajuta. Lakini hata majuto yalikuwa ya mtu aliyechoka, hayakuwa na nguvu.

Wodini waliniwekea dripu, damu wakanitolea ndugu, na baada ya siku kadhaa wakaniruhusu nirudi nyumbani, kwa namna ile ambayo wanamruhusu mtu akafie kwao. Mama mkwe wangu alikuwa ameshafika kutoka Nkololo. Sisi tulimwita Mayu, yaani mama. Hakuwa mwanamke mbaya, nataka hilo lijulikane. Aliniosha kwa mikono yake, akanipaka mafuta, akanilisha uji kama mtoto. Lakini aliamini macho yake, na macho yake yalimwambia kwamba mimi ni wa kwenda, kwa hiyo akaanza kazi iliyomleta. Nilikuwa nimelala ng'ambo ya pazia, kimya, wakadhani nimesinzia. "Ugali wa Maduhu usiwe laini," Mayu alikuwa anamwambia Minza. "Hapendi. Na maji ya kunawa umpelekee umepiga goti, si kumsukumia beseni kama unamlisha mbwa. Hapa ndipo anapoweka mashati. Njoo uone." Kabati letu likafunguliwa. Nililijua kwa mlio wake. "Na huyu akitutoka," Mayu akaendelea, "usilie sana mbele yake, mwanaume anayeona machozi kila siku hukimbia nyumba." Minza akajibu, "Ndiyo, mayu." Sauti yake haikuwa na utani hata kidogo. Wanasema kufa kufaana, lakini kufa kwangu hakukuwa kunamfaa mtu yeyote mle ndani. Ni vile tu kila mtu alikuwa ameshapangiwa pa kusimama.

Jioni hiyo Sayi alikuja kunijulia hali, na machungwa. Alikuta Maduhu amerudi, amekaa mezani, na Minza amepiga goti mbele yake na birika kama alivyoelekezwa, Mayu anaangalia. "Mwadila," alisalimia. "Mwadila," wakaitikia. Akakaribishwa akakataa, akasema ana kazi. Akayaweka machungwa mlangoni. Nilisikia baiskeli yake ikilia tik-tik mpaka kwenye kona. Msimu ulipokwisha tukapata habari kwamba ameoa, huko kijijini Mwamapalala. Minza alipokea habari hiyo anachambua mchele. Aliuliza kama mke ni mtu wa huko au wa hapa mjini, akaambiwa wa huko, akaendelea kuchambua.

Na mimi nikapona. Watu wa kanisa wakaja kushukuru, jogoo akachinjwa, firigisi nikapewa mimi. Mayu alirudi Nkololo akisema Mungu si Athumani. Huo ndio mwaka wenyewe, na yaliyofuata ni marefu lakini ni mepesi kusimulia: sikuzaa, Maduhu hakuoa mke wa pili ingawa walimsumbua mpaka wakachoka, dawa zikawa bora, nikazoea kuishi. Waliokuja kumtaka Minza waliambiwa ana neno, wakarudi walikotoka. Na baadaye hawakuja tena. Minza alimpata Limi kwa mwanaume ambaye hakukaa. Alifungua kibanda cha vitenge, akajenga, akasomesha. Hakuna aliyemkataza lolote. Lile neno halikuwa na mtu wa kulilinda, lilikaa tu pale lilipowekwa kwa sababu hakuna aliyekwenda kulitoa. Maduhu alikufa asubuhi, anavaa kiatu, moyo ukasimama, ule moyo wake mzima ambao hatukuwahi kuuwekea akiba.

Siku ya kuondoa matanga wazee wa Nkololo walikaa uani kufunga mambo ya marehemu. Aliyekuwa anaongea ni mtoto wa yule baba mkubwa, naye sasa ana mvi. Alipomaliza mambo ya shamba akakohoa. "Kuna neno moja baba yangu aliliacha. Juu ya Minza. Kwa kuwa mwenye nyumba ametangulia, leo tunalitoa. Kuanzia sasa Minza yuko huru." Wakapiga makofi kwa heshima. Minza alikuwa anapita na sinia la viazi. Ana miaka zaidi ya hamsini, anatembelea ndala kwa sababu ya magoti. Alisimama, akainamisha kichwa. "Wabeja sana, wazee," akasema, kisha akauliza nani hajala. Wakacheka, wakaona bado ni yule yule mtani. Mimi sikuweza kukaa. Nilimfuata jikoni, nikafunga mlango.

"Minza," nikamwambia, "ile Jumapili ambayo Maduhu alikuwa aende Nkololo. Goti langu."

Alikuwa ananipa mgongo, anapanga sahani.

"Halikuuma vile," nikasema.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Dada, nimekuuguza tangu nina akili. Ukiumwa kweli hulii. Unanyamaza kama jiwe, unaangalia sehemu moja. Siku ile ulikuwa unalia." Alifuta sahani, akaiweka juu ya nyingine. "Nilijua nikiwa bado nachemsha maji."

Nje walikuwa wanaaga, viti vinaburutwa. "Kwa nini hukusema? Ungemwambia Maduhu. Ungemwambia Sayi."

Minza akageuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo sikuweza kulitazama. Alinitazama kwa uvumilivu, kama mtu anayemwelezea mwenzake jambo ambalo kila mtu analijua.

"Ulikuwa mtu wa kufa, dada," akasema. "Mtu wa kufa hanyimwi kitu."